Kikopo cha Kaka na Anga Lililorudi

Wifi yangu ni fundi wa makochi, na simsifii kwa kuwa ni mke wa kaka yangu. Mtaa mzima ukitaka kiti chake kirudi kuwa kiti, unampelekea yeye. Karakana yake iko chini ya ngazi za jengo tunaloishi, chumba kimoja chenye sponji hadi darini, misumari midogo kila unapokanyaga, na harufu ya gundi inayopanda hadi jikoni kwangu. Ndiyo maana watu wakambatiza Gundi. Jina lilimkaa, maana akishika jambo habanduki.

Na jambo alilolishika miaka yote hii, yeye na kaka, ni mchezo ambao mimi niliuona wa watu waliokosa kazi. Unaficha kikopo mahali. Unachukua jipiesi, kile kimashine cha mkononi kinachosikiliza setilaiti, unasoma namba za mahali ulipokificha, unampa mwenzako. Yeye anakwenda na mashine yake kutafuta. Akikipata, anaandika jina kwenye karatasi iliyomo ndani, anachukua kizawadi alichowekewa, anaweka kingine, anakirudisha palepale. Basi, umekwisha. Hakuna kombe wala picha gazetini. Duniani kote kuna watu wazima wanaofichiana vikopo namna hii, wengine hawajawahi kuonana, na kaka na wifi walicheza nao. Lakini mchezo wao hasa ulikuwa wa wawili. Kila mwaka, siku waliyooana, mmoja alimfichia mwenzake. Aliyeficha hasemi, anayetafuta haulizi, na mpaka kikopo kipatikane zamu haihami.

"Wenzako wananunuliwa nguo," nilimwambia siku moja. "Wewe unafichiwa kopo."

"Nguo ningeivaa ikachakaa," akanijibu, misumari ikiwa mdomoni. "Kopo linanitoa nje."

Ukikaa na watu wa namna hii, hata kama masikio umeyaziba, utajifunza. Nilijifunza kwamba kikopo hakifukiwi, kinafichwa mahali ambapo mkono unafika bila kubomoa kitu cha mtu. Kifuniko kibane, maana maji hayabishi hodi. Ndani usiweke chakula, utawaalika panya kwenye mchezo usiowahusu. Weka penseli, si kalamu, wino ukinyeshewa unakimbia na jina la mtu. Na usifiche mahali ambapo mtafutaji akisimama kidogo ataitwa mwizi. Hilo kaka alilijua kwa kuumia. Yeye alikuwa fundi umeme, na wakati mmoja alificha kikopo ndani ya kiboksi cha swichi cha uongo kwenye ukuta wa ghala. Mlinzi alikiona, akakichunguza, akakipaka rangi pamoja na ukuta. Wifi alikibandua kwa kisu cha kukatia ngozi huku mlinzi amemsimamia na rungu, akitaka aelezwe upya tangu mwanzo.

Mashine nazo walizibishania kama wengine wanavyobishania mpira. Binti yao aliwaletea jipiesi mpya, ya kioo cha kugusa na ramani za rangi, inayosikiliza setilaiti za kila aina. Wifi aliipenda. Kaka aliipa kisogo. Yeye alikuwa na yake ya zamani, nzito, ya vitufe, waliyoiita Kikongwe. Alisema mashine nzuri ni ile unayoweza kuibonyeza ukiwa na vidole vyenye gundi, kuisoma jua likiwa utosini, kuiangusha ngazini bila kulia, na kuibadilishia betri dukani popote. Ramani za rangi, alisema, ni mapambo. Lakini hata Kikongwe hakukiamini haraka. "Usichukue namba mashine ikiwa bado inahema," alikuwa akituambia. "Iache itulie. Kisha ondoka, rudi kwa upande mwingine, ichukue tena. Zikilingana, andika."

Mwaka juzi ilikuwa zamu ya kaka kuficha. Alitoka asubuhi na Kikongwe, akarudi amechoka kuliko kawaida. Wakati wa chakula cha mchana alimsogezea wifi mashine mezani, namba zikiwa kwenye kioo, akacheka kicheko chake cha puani. Jioni ile, kabla jua halijazama, kiharusi kilimwangusha bafuni.

Alipona, kama unaita hiyo kupona. Maneno yaliondoka yote. Mkono wa kulia ukalala ubavuni, mguu wa kulia ukawa wa kuburuza. Akili ilikuwepo nzima, ukimwangalia machoni unamwona humo ndani amekaa, anasikia kila kitu. Alipewa mpira laini wa kuminya ili mkono uamke, na fimbo ya kutembelea. Mwanzoni aliminya. Kila wifi alipotoka na namba zile kwenye mashine yake mpya, kaka alikaa dirishani na mpira wake akimsubiri, na akirudi alimwangalia mikono kwanza.

Mikono ilirudi mitupu. Namba zilimpeleka katikati ya uwanja wa kuegesha magari nyuma ya duka la dawa. Lami tupu. Kaka angeficha nini pale, chini ya tairi? Wifi alipapasa kila nguzo, kila mti, kila bomba la ukuta wa duka lile, mpaka wauza dawa wakamzoea na kumwazima kiti. Nilikwenda naye mara kadhaa, nikapapasa na mimi, nikimlaani kaka kimoyomoyo kisha nikimwomba radhi.

Miezi ilivyokwenda, kaka akaacha kumwangalia mikono. Kisha akaacha kukaa dirishani. Mpira ulianguka siku moja ukaviringika chini ya kitanda, naye hakutaka uokotwe. Mwuguzi wa mazoezi alikuja, akamnyanyua mkono, mkono ukaanguka, akatuita pembeni akatuambia kwamba misuli si tatizo tena, mgonjwa mwenyewe ndiye aliyekata tamaa.

Hapo mimi nilipandisha hasira. Nilimfuata wifi karakanani, nikamkuta anavua kitambaa cha kochi.

"Wifi, mchezo umekwisha. Chukua ramani, mwekee mbele, aguse kwa kidole cha kushoto mahali alipokificha. Nusu saa tu, na yote haya yaishe."

"Simwulizi."

"Kwa nini? Ugumu wa kichwa tu?"

Aliweka koleo chini. "Wifi yangu, huyu mtu analishwa. Anaogeshwa. Anavalishwa na binti yake. Kila mtu anayeingia mle ndani anamsaidia. Kitu kimoja tu kimebaki ambacho mimi na yeye tuko sawasawa, na ni hicho kikopo. Siku nitakayomwambia basi, nionyeshe, nitakuwa nimemwambia kwamba hachezi tena. Nitakuwa nimemzika anapumua."

Nilikaa kwenye kochi lisilo na sponji, nikalia, naye akaniacha nilie huku anaendelea kuchomoa misumari.

"Mashine yangu mpya haikosei," akasema, kama anayejisemea. "Imenipeleka palepale namba zinaposema, mara zote. Basi aliyekosea ni kaka yako. Siku ile alikuwa ameshaanza kuumwa, na sisi hatukujua. Hakuiacha itulie." Akachomoa msumari mwingine. "Nimekuwa natafuta namba. Kumbe inabidi nitafute kosa lake."

Nilidhani uchungu umemchanganya. Lakini alinieleza, na nitawaeleza kama nilivyoelewa mimi, mfunga vitabu wa kiwanda cha uchapaji ambaye juu ya anga najua mvua na jua tu. Sauti ya setilaiti inatoka mbali kupita akili. Ukisimama kwenye uchochoro kati ya kuta ndefu, sauti hiyo hugonga ukuta kwanza ndipo ikufikie, na mashine ya zamani hudanganyika ikadhani uko kwingine. Ila haidanganyiki ovyo. Ukuta ukiwa uleule, mashine ileile, na setilaiti zikiwa zimekaa vilevile juu, inaweza kudanganyika vilevile.

"Na setilaiti zitakaaje vilevile, wifi? Si zinazunguka?"

"Zinarudi," akasema. "Kaka yako alikuwa akiniambia kila mwaka, na mimi nilikuwa naitikia tu. Kila siku zinarudi mahali pale pale, ila zinawahi kama dakika nne. Kesho zinawahi tena nne. Dakika hizo zinalimbikizana, na mwaka ukizunguka zinatimia siku nzima. Siku ileile, saa ileile, anga linakuwa limerudi kama lilivyokuwa. Ndiyo maana aliipenda siku ya harusi. Alisema tunaoana upya chini ya setilaiti zilezile."

Huyo ni kaka yangu, mtu wa kupanda ngazi na kukata waya. Nimekula naye sahani moja tangu utoto na sikujua kwamba kichwani anatembea na jambo kubwa kiasi hicho. Nilitazama juu, kwenye dari chafu la karakana, na mwili ukanisisimka kwa kufikiria vitu vile vinavyokwenda na kurudi huko bila kukosa, iwe sisi tunacheka au tumelala hospitalini.

Kikongwe kilikuwa kimehifadhi saa aliyobonyeza kaka. Wifi alingoja siku ya harusi ifike. Asubuhi yake alivaa vizuri, akapaka hata wanja, akaniambia, "Twende." Sikumtania.

Tuliingia vichochoro vyote vinavyozunguka duka la dawa kabla ya saa yenyewe, tukivichagua vyenye kuta ndefu. Viwili vya kwanza Kikongwe kilitupa namba zisizohusiana kabisa. Cha tatu kilikuwa nyuma ya majengo mawili, na nilipoona tunapoelekea nilisimama, maana ni uchochoro wa mlango wa nyuma wa kiwanda chetu. Napita pale kila siku ya kazi.

Wifi alikuwa ameinua mashine usawa wa kifua, anatembea kama aliyebeba maji. Saa ilikuwa inakaribia. Namba zikaanza kusogea, zikayumba, zikapanda, na moja baada ya nyingine zikaanza kufanana na zile alizotuachia kaka. Mashine ilikuwa inadanganya waziwazi, inasema tuko kwenye lami ya duka la dawa, na kwa uongo huohuo ilikuwa inatuonyesha aliposimama mtu mwaka mzima nyuma. Niliona woga, sisemi uongo. Niliona kama kaka yuko kati yetu, mzima, na ngazi yake begani. Machozi yalinitoka nikayaacha.

Wifi akasimama. "Hapa," akasema. Akaugeukia ukuta, akafunga macho, akapapasa, kama anavyopapasa kochi kutafuta springi iliyovunjika.

Kwenye ukuta ule kuna kipande cha bomba la plastiki la kupitishia waya, limeshikwa kwa vibanio viwili. Wifi akasema bila kufumbua macho, "Hili bomba halitoki popote wala haliendi popote." Akazungusha ncha yake. Ikafunguka.

Nikajishika kiuno, nikamwambia ukweli. Mwaka mzima, kila asubuhi, nilikuwa natundika mwavuli wangu kwenye bomba lile nikitafuta funguo.

Wifi alipofumbua macho na kunisikia nikisema hivyo, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akatoa kikopo, ndani yake karatasi iliyoviringwa, juu kabisa mwandiko wa kaka, tarehe tu, herufi zikiwa zimeteremka kulia. Mkono ulikuwa umeshaanza kumwacha. Alipoiona tarehe ile kicheko kilikatika. Akaandika jina lake chini, taratibu. Kizawadi kilikuwa betri mbili mpya. Akazichukua, akaacha kitufe cha kochi alichokifunika mwenyewe kwa kitambaa, akafunga.

"Tumpelekee akione," nikasema.

"Kikopo hakihami, wifi. Unajua."

Tulipofika nyumbani hakupanda ngazi moja kwa moja. Alisimama getini, akatoa mfukoni kikopo kingine kidogo, nikajua zamu imeshahama. Alinyoosha mkono wa kulia hadi kwenye boriti ya juu ya geti, akakibana nyuma yake.

"Kaka hafiki hapo," nikamwambia. "Mkono ule haufiki hata kidevuni."

"Najua. Ndipo nataka ufike," akasema. Akatoka, akarudi kwa upande mwingine, akakiacha Kikongwe kitulie, akachukua namba.

Kaka alikuwa kitandani, uso ukutani. Wifi aliweka zile betri mbili juu ya shuka, mbele ya macho yake. Kaka akaziangalia. Kisha akageuka, polepole, akamwangalia wifi mikono, halafu uso. Sauti ikamtoka puani, kavu, ya kukatika, na ilichukua muda kidogo mimi kutambua kwamba ni kile kicheko chake.

"Ulikosea kwa majengo mawili," wifi akamwambia, akikaa pembeni yake. "Na dada yako umemtundikisha mwavuli mwaka mzima." Kaka akacheka tena, na machozi yalimshuka akashindwa kuyafuta, akayafuta wifi kwa upindo wa kanga yake.

Kisha akatia betri mpya kwenye Kikongwe na kukiwasha. Kaka akanyoosha mkono wa kushoto kukipokea. Wifi akaurudisha mkono ule chini, taratibu, akakiweka kwenye kiganja cha kulia.

"Haya, mume wangu. Zamu yako."

Vidole havikufanya kitu. Nikataka kusogea nikamshikie, wifi akanitazama nikabaki nilipo. Kidole gumba kikajikunja kidogo juu ya kitufe. Nikapiga magoti, nikaingiza mkono chini ya kitanda na kuutafuta ule mpira.