Mlio Chini ya Migomba

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani Ijuganyondo, Bukoba, kuwasimamia mafundi wa paa. Nyumba ya baba haijakaliwa tangu tumzike, na mvua ilikuwa imeshaanza kuingia chumba cha nyuma. Tulipokuwa tunahamisha vitu visilowe, fundi mmoja akavuta sanduku la mbao kutoka chini ya kitanda, akaniuliza kama ni la kutupa. Nilipoliona, rafiki yangu, nilikaa chini pale pale sakafuni.

Ndani mlikuwa na mashine ya kutafutia chuma ardhini. Fimbo ndefu ya alumini, mwisho wake duara la mbao lenye ukubwa wa sinia, kasha la bati lenye vitufe viwili, na spika za masikioni zilizoviringishwa kwenye kitenge. Mashine hiyo imenizidi umri mimi. Betri zilikuwa zimevuja zikaacha ukoga wa kijani, panya wametafuna waya, kapasita mbili zimevimba.

Sikuitupa. Kwa siku tatu, mafundi wakigonga misumari juu, mimi nilikaa barazani nikisugua ule ukoga kwa siki na mswaki, nikiunga waya, nikilehemu. Nalijua tumbo la mashine ile, maana nilimwona baba akiikarabati mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi. Siku ya tatu nikavaa spika, nikawasha. Mlio ukaja, mnene, wa chini, kama mtu anayeimba amefumba mdomo upande wa pili wa ukuta. Nikazima haraka. Fundi akaniuliza kama imepona, nikamwambia bado.

Baba alikuwa fundi redio pale Miembeni. Kibanda chake kilinukia lehemu na vumbi lililoungua, na mchana kutwa redio tatu nne zilizungumza kwa pamoja bila kusikilizana. Sisi watoto tulipewa kazi ya kupanga skrubu kwa ukubwa katika vifuniko vya chupa. Jirani yake alikuwa mwenye duka la vitambaa, mzee Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani, mtu wa kupenda vitu vya kale. Ndiye aliyeleta ile mashine. Aliipata kwenye mnada wa vitu vilivyoachwa na watafiti wa madini, na alitaka tu aione ikifanya kazi kabla hajafa, ndivyo alivyosema.

Baba aliishughulikia masika yote. Transista iliyokufa aliibadilisha kwa nyingine aliyoing'oa kwenye redio mbovu. Waya wa shaba uliozunguka lile duara la mbao ulikuwa umekatika mahali pengi, basi akausuka upya, akihesabu mizunguko kwa Kihaya kwa sauti, nami nimeshika kibonge cha waya nisithubutu kupiga chafya. Alikuwa na msemo wake: kitu kikinyamaza si kwamba kimekufa, kimekosa njia tu. Alinieleza kwamba mashine ina mlio mmoja usiokoma, na ukipita juu ya chuma, mlio hupanda.

Tatizo ni kwamba mjini ilipanda kila mahali. Misumari, vizibo vya soda, mabati yaliyozikwa. Mashine ilipiga kelele tangu mlangoni hadi barabarani. Baba akasema tutaijaribia Muleba kwa bibi, kwenye udongo usio na takataka. Ilikuwa likizo ya Desemba, msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Tulipofika, nyumba nzima ilinukia senene wanaokaangwa kwa chumvi na kitunguu, na jikoni chungu cha ndizi na maharage kilikuwa kinatokota kimefunikwa majani ya mgomba.

Hapa sina budi kukueleza habari za babu. Hatukumjua. Tuliambiwa alipanda baiskeli yake akaenda Buganda kutafuta kazi, baba akiwa bado tumboni, na hakurudi. Baba alipokuwa kijana aliandika barua kwa parokia za kule, akiuliza kama kuna Mhaya wa jina lile. Hakupata jibu. Akiulizwa habari za baba yake, alikuwa anajibu kwamba baba yake ana watoto wengine sasa, basi. Alisema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

Bibi aliitazama mashine kwa muda mrefu. Akauliza inafanya nini. Baba akamwambia inasikia chuma kilicho chini ya ardhi. Bibi aliendelea kumenya ndizi, kisha akasema kwamba tuitembeze huko juu karibu na barabara, ila upande wa chini wa kibanja chake cha migomba tusiende, kuna nyuki.

Sisi wajukuu tulijua kwamba kule chini hakuna nyuki. Tulijua pia kwamba kuna migomba mitano sita kule ambayo bibi hakuwahi kuikata mikungu. Ilikuwa minene kuliko yote, na ndizi zake ziliiva zikaozea juu, zikaliwa na ndege. Alipalilia pale kwa mikono, si kwa jembe. Tulipouliza, tuliambiwa ndizi zile ni chungu.

Siku ya pili baba aliitwa kwa jirani wa bibi, mzee mmoja, kutazama redio. Mimi nikabaki na mashine. Nakumbuka ilikuwa mchana, saa nane hivi, lakini ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni na chini ya majani ya migomba mlikuwa na mwanga wa kijivu kama maji yaliyooshewa vyombo. Nilivaa zile spika zilizonishinda ukubwa. Ukizivaa, husikii kitu kingine: si kuku, si matone, si nyayo zako mwenyewe. Ule mlio mnene tu. Nilianzia juu, nikapata kipande cha jembe. Nikashuka kidogo. Nikashuka tena.

Kwenye ile migomba mlio ukapanda. Haukupanda kwa kuruka kama kwenye msumari. Ulipanda polepole, ukawa kama mtu anayeamka, ukawa kilio. Nikasogea hatua, kilio kikaendelea. Hatua nyingine, kikaendelea. Kitu kilichokuwa chini kilikuwa kirefu kama mtu aliyelala. Nilitaka kuvua spika na mikono ikakataa. Nilipogeuka, bibi alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu saa ngapi, midomo yake inacheza na mimi simsikii.

Baba alirudi akatukuta hapo. Akachukua spika, akasikiliza, akaangalia udongo. Bibi alimwambia aache. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona baba akimkatalia mama yake. Alidhani ni bomu la wakati wa vita, na hakutaka libaki mahali watoto wanapocheza, basi akachimba taratibu kwa panga na mikono. Kilichojitokeza kwanza ni chuma kilichopinda, chekundu kwa kutu. Baba alikifuta kwa kidole gumba. Ulikuwa usukani wa baiskeli.

Aliendelea mpaka gurudumu la mbele likaonekana. Kisha akaacha. Alibaki amepiga magoti, na nadhani alikuwa ameshaelewa, lakini alisubiri aambiwe.

"Baba yako hakwenda popote," bibi akasema.

Aliketi kwenye majani makavu, akatueleza yote kwa sauti ile ile ya kutuagiza maji. Mwaka ule babu aliugua roho. Aliacha kusema, akawa anakaa ameutazama ukuta, chakula akila pale tu alipolishwa. Jumapili moja asubuhi bibi alimkuta amejitoa uhai. Siku zile mtu aliyekufa hivyo hakuliliwa wala hakuwekewa matanga, na watoto wake walinyooshewa vidole. Hakuna aliyetaka kuoa au kuolewa katika nyumba ile. Bibi alikuwa na mimba. Alimwita mtu mmoja tu, yule jirani mwenye redio, rafiki wa babu tangu utotoni. Watu wakiwa kanisani, katika ukungu, wawili hao walichimba na kumzika. Baiskeli waliilaza juu yake, kwa sababu mtu aliyekwenda Buganda haachi baiskeli yake nyumbani.

Baba alikuwa bado ameshika ule usukani.

"Mae," akamwambia, kwa jina la Kihaya tunalowaitia mama zetu, "miaka yote hii nimekuwa namchukia."

"Najua," bibi akajibu. "Niliona ni afadhali umchukie aliye hai, kuliko watu wakukimbie kwa ajili ya maiti."

Hakuna aliyelia. Nilisubiri mtu alie ili na mimi nilie, sikuona. Baba alirudisha udongo kwa viganja, akiusawazisha kama anayemfunika mtoto. Kisha akaenda kumwita jirani. Yule mzee alipofika alivua kofia kabla hata hajaingia kibanjani, akasimama mbali. Alisema tangu siku ile hajapita pale hata mara moja, na kwamba kila mwaka aliposikia baba anaandika barua za Buganda, yeye alikosa usingizi.

Baba aliweka matanga. Fikiria hilo: matanga ya mtu aliyekufa miaka thelathini na minane nyuma. Alinyoa kichwa, akatandika majani sebuleni, akalala chini kama mfiwa yeyote. Baadhi ya ndugu hawakuja, wengine walikuja wakasimama njiani wakinong'ona. Lakini katekista alikuja akasali, na wanawake wa jirani walileta ndizi, na yule mzee aliketi karibu na baba siku zote, akimsimulia jinsi babu alivyokuwa anacheka. Baba alisikiliza kama mtu anayekunywa maji. Bibi ndiye aliyelia mwishoni, jikoni peke yake, kilio cha kijana. Alikuwa amekitunza tangu akiwa msichana wa miaka ishirini.

Bibi hakutaka kaburi la saruji. Walipanda tu milamula, ile miti ya majani marefu tunayowekea mipaka, kuzunguka pale.

Tuliporudi Bukoba baba alimpelekea mwenye duka mashine yake. Mzee wa watu alisikiliza habari yote, akampa pole, akasoma dua. Kisha akaisukuma mashine irudi kwa baba, kwa heshima. "Kaa nayo, fundi," alisema. "Kitu kilichofunua msiba wa mtu si cha kupambia duka."

Kwa muda mrefu niliamini kwamba mimi ndiye niliyevunja kitu katika nyumba ile, kwa kushuka nilikokatazwa. Nilipokuwa mkubwa nilimwambia baba. Akasema bibi hakukosa njia ya kutufukuza: alikuwa na jembe, alikuwa na moto, alikuwa na mdomo. Angetaka kunizuia angenivuta mkono. Alisimama nyuma yangu akaniacha nifike. Bibi aliishi miaka miwili tu baada ya hapo, na katika miaka hiyo, nakwambia, aliongea kuliko alivyowahi kuongea.

Paa lilipokwisha nilipanda basi kwenda Muleba. Ugonjwa wa mnyauko uliua migomba ile zamani, nyumba ikaanguka, ukoo ukauza. Sasa ni mikaratusi mitupu, mirefu, iliyopangwa kwa mistari, na chini yake hazioti hata nyasi. Nilizunguka nikitafuta milamula, sikuiona. Hakukuwa na ndege. Upepo ulipopita juu kwenye majani, chini palibaki kimya kabisa.

Nikatoka njiani nikakutana na vijana wawili wenye mashoka. Niliwauliza kama wanajua nani alikaa pale zamani. Walitazamana, wakafikiri kweli kweli, kisha mmoja akanijibu kwa adabu.

"Hapo, mama, hapajawahi kukaa mtu."