Mkate wa Mihogo Uliongoja Jibu la Lubumbashi

Nilifanya kazi miaka mingi katika kiwanda kikubwa cha mikate hapa Kamina. Tulikuwa wanawake wengi kwenye meza ya kukandia, kila mmoja na sehemu yake: huyu anapima unga, yule anakata donge, mimi naviringa. Tuliimba nyimbo za Kiluba huku tukikanda, na msimamizi wetu, mwanaume mpole aliyetumwa kutoka Lubumbashi, hakutukataza. Mume wangu alikuwa ameshafariki, binti zangu wameolewa Kolwezi. Nilikwenda nyumbani kulala tu. Maisha yangu yalikuwa pale mezani.

Msimu mmoja wa mvua barabara ziliharibika, unga wa ngano ukaanza kuchelewa. Nikamwendea msimamizi, tuliyemwita tata, yaani baba.

“Tata, tuchanganye na unga ya mihogo kiloko, kidogo tu. Mihogo iko mingi hapa kwetu.”

Hakunicheka. “Mama, wazo yako iko muzuri. Lakini minyi siwezi kuitika peke yangu. Tunapashwa kuuliza bakubwa ba Lubumbashi.”

Akauliza. Wakubwa wakataka kuonja kwanza, mkate wa majaribio ukapelekwa, aliyepaswa kuuonja akawa safarini. Kabla jibu halijarudi, unga ulikwisha kabisa. Mlango ukafungwa, tukaambiwa tukangojee nyumbani. Wenzangu walingoja kidogo, kisha wakaanza kuondoka, huyu Likasi kwa dada yake, yule kijijini kulima.

Mimi nilijenga tanuru ya matofali nyuma ya nyumba, nikanunua sokoni ngano kidogo iliyobaki, kwa bei ghali. Jambo nililoliwaza asubuhi, mchana nilikuwa nalijaribu. Mkate wa kwanza ulitoka mzito, haukulika. Nikapunguza mihogo, nikaongeza hamira, nikakanda hadi mabega yakauma. Sikumwomba mtu ruhusa. Lakini pia hapakuwa na mtu wa kumgeukia nikamwambia, “Onja, iko namna gani?” Nilionja mwenyewe, nikajijibu mwenyewe. Siku mkate ulipoumuka vizuri, ukawa laini ndani na mwekundu juu, nilisimama uani nimeushika, nikatazama huku na huku kama mtu anayetafuta aliyekuja naye.

Watu waliupenda. Wachuuzi wa baiskeli walikuja alfajiri, wakajaza vikapu vyao, wakaondoka mbio kuwahi soko. Jua likichomoza, ua ulikuwa mtupu. Nilijaribu kuimba wakati wa kukanda, nikaacha. Sauti moja katika zile nyimbo haitoshi. Kuna mahali lazima wengine waitikie.

Kisha malaria ikaniangusha. Kiwandani mtu akiugua, mwingine husogea mahali pake na mkate hutoka kama kawaida. Kwangu tanuru ilipoa. Nikiwa kitandani nilisikia mchuuzi akibisha.

“Mama, mukate haiko leo?”

“Haiko, baba. Minyi niko mugonjwa.”

“Pole, mama.” Nikasikia baiskeli yake ikienda zake. Hakuwa na ubaya. Alikuwa na wateja wanaomsubiri.

Nilipopona, yule msimamizi wa zamani alikuja hadi kwangu, mkate chini ya kwapa.

“Mama, Lubumbashi baliitika! Tumefungula tena. Hii njo ile mukate yako ya mihogo. Onja.”

Nikaonja. Ulikuwa mzuri, kusema kweli mzuri kuliko wangu. Walikuwa wameujaribu kwa subira, kwa mashine, na kila mkate ulifanana na mwenzake.

“Tunakulomba urudie,” akasema. “Utakuwa mukubwa wa meza.”

Usiku ule nilifurahi kama msichana. Asubuhi nikavaa kitenge changu kizuri, nikaenda. Msimamizi akanifungulia mlango. Meza ilikuwa ileile. Wanawake waliokuwa wakikanda wakainua vichwa, wakanisalimu kwa heshima, “Jambo, mama,” kisha wakaendelea na mazungumzo yao. Hapakuwa na hata mmoja niliyemjua. Walikuwa wakicheka jambo lililotokea jana yake, nami jana yake sikuwapo. Nikasimama pale hadi nikaona aibu ya kusimama.

“Aksanti, tata,” nikamwambia msimamizi. “Nitabakia kwangu.”

“Juu ya nini, mama? Kule uko peke yako.”

“Na hapa pia, tata.”

Alinisindikiza hadi barabarani.

Wachuuzi wengi walihamia kiwandani, na sikuwalaumu. Mimi nikaanza kuchanganya viazi vitamu vilivyopondwa, mkate mdogo wa watoto wa shule. Niliwaza jambo hilo Jumatatu na Jumanne nikauza. Napata chakula changu. Jumapili tanuru hupumzika, naenda misa, na baada ya misa narudi nyumbani polepole, nikisalimiana na kila ninayekutana naye njiani.