Jumapili Tuliyompeleka Bibi Bwawani

Mwezi uliopita niliwapeleka wajukuu zangu bwawani Igombe. Unawajua watoto wa siku hizi: walifika, wakapigana picha, wakauliza soda inauzwa wapi. Nikawaacha, nikaketi juu ya jiwe. Upepo wa maji uliponipiga usoni nikajikuta nina miaka tisa tena, na bibi mzaa baba yuko pembeni yangu, amekunja kanga yake magotini, anaosha miguu.

Tulikuwa tunakaa mjini, mtaa wa Chemchem. Baba alikuwa karani wa serikali, mtu wa shati lililopigwa pasi na maneno machache. Jirani yetu alikuwa Mhindi mwenye duka la vitambaa. Jumapili alipakia familia yake kwenye pikapu kuukuu wakaenda bwawani kupunga upepo, na mara nyingi alipiga honi mlangoni kwetu ili twende pamoja. Siku hizo mama aliamka mapema, akachemsha mihogo na kukaanga karanga, nami kazi yangu ilikuwa kuzipeta ziachane na maganda uani mpaka nywele zangu zigeuke nyekundu. Mke wa jirani alileta chapati laini na achari ya maembe ambayo ilitutoa machozi, na bado tukaongeza. Tulikula, tukasikiliza ndege, tukarudi. Basi, hiyo ndiyo ilikuwa sikukuu yetu.

Mwaka ule wa operesheni ya vijiji, baba alimwita bibi kutoka kwao Nzega. Alimtumia salamu kwamba wajukuu wamemkumbuka. Bibi akashuka kwenye basi na kibuyu cha asali na kapu la matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa na kukaushwa juani, ambavyo ukivitafuna taratibu utamu wake hauishi mdomoni. Aliniita mke mwenzake, kwa kuwa alidai babu angekuwa hai angenioa mimi na kumwacha yeye. Uani kwetu kukawa na kicheko toka asubuhi hadi jioni.

Siku ya nne nilikuwa nachambua mchele nyuma ya jiko, nikamsikia mama akimwambia baba, "Utamwambia lini? Mama yako anazungumza habari za kurudi akapalilie."

"Jumapili," baba alisema. "Nitampeleka bwawani kwanza, apumue."

Nilielewa nusu. Redioni kila siku walitangaza watu wanaohamishiwa vijiji vya ujamaa, nami nikajua kwamba bibi naye atapata nyumba mpya huko, na kwa akili yangu ya kitoto hiyo ilikuwa zawadi.

Jumapili tukapanda pikapu. Bibi alipoyaona maji akauliza, "Maji yote haya, ng'ombe wenyewe wako wapi?"

Mama akamweleza kwamba watu huja kukaa tu.

"Kukaa tu? Hata kuni hawaokoti?" Akaenda zake kuokota. Kabla chai haijachemka alikuwa na mzigo mzuri, na mke wa jirani akacheka hadi akashika mbavu, akamkaribisha kwenye mkeka. Kiswahili cha mmoja kilikuwa cha dukani na cha mwingine cha kuombea maji, lakini walibadilishana chapati kwa matobolwa na kila mmoja akamsifu mwenzake.

Baadaye bibi akashuka kuosha miguu. Mimi nikamfuata. Baba naye akaja, akasimama nyuma yetu, akakohoa kama mtu anayetaka kuanza hotuba. Sijui ni kitu gani kilinituma. Nikasema, "Bibi, nyumba yako mpya itakuwa ya bati?"

Mkono wake ukasimama ndani ya maji.

"Nyumba gani?" Hakuniuliza mimi. Alimgeukia baba, akahamia Kinyamwezi, lugha ambayo niliisikia vizuri kuliko nilivyoweza kuisema.

Baba akachuchumaa. "Mama, kijiji kizima kinahamia barabarani. Kuna zahanati huko, kuna shule. Mimi ni mtu wa serikali. Nisipokuhamisha wewe, nitamwambia nani ahame?"

"Na nyumba yangu?"

"Wameshusha paa jana."

Bibi aliyatazama maji. "Babu yangu alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani," akasema. "Miezi mitatu kwenda. Lakini alirudi kwake. Mnyamwezi haogopi kutembea, baba. Sasa mimi nitarudi wapi?"

"Nilitaka usione wakibomoa."

"Ningeona, ningelia, yakaisha. Wewe umenileta kwenye maji ili nisilie?"

Baba alikwenda hatua chache, akainama, akanawa uso. Alinawa muda mrefu sana. Mimi nilianza kulia, kwa maana nilijua ni ulimi wangu uliofanya kazi hiyo. Bibi akanivuta. "Nyamaza, mke mwenzangu. Wewe umesema tu. Mwenye kufanya siye wewe." Mke wa jirani, ambaye hakuelewa hata neno moja, akaja na glasi ya chai, akaketi karibu yake. Bibi akainywa yote.

Alihama. Ukimuuliza kuhusu kijiji kipya alisema, "Maji yako karibu, siwezi kusema uongo." Zahanati ile ndiyo iliyomtibu kifua, akaishi miaka mingi. Lakini kila baada ya siku chache alitembea saa nzima na ufagio wake kwenda kufagia kaburi la babu kwenye boma lake la zamani lililobaki tupu. Na baba, kila alipopata likizo, alipanda basi la Nzega, akakunja suruali yake iliyopigwa pasi, akafagia naye. Sikuwahi kusikia akimwomba msamaha. Sikuwahi kusikia bibi akimdai.

Sasa wote wawili wamelala. Jirani aliuza duka akaenda kwa watoto wake ng'ambo, na nyumba ile ya Chemchem ina wenyewe wengine. Mwaka juzi nilikwenda Nzega kulitafuta kaburi la babu. Boma lilikuwa shamba la mahindi, hakuna hata jiwe. Nikawauliza wazee watatu, kila mmoja akanionyesha mahali pake, na kila mmoja alikuwa na hakika. Nikawashukuru. Nikavua viatu, nikasimama katikati ya mahali pale patatu, nikasema shikamoo.