Taratibu Ajipangia Safari

Madereva wenzake walimwita Taratibu, na si kwa sababu ya mwendo. Lori lake lilikimbia kama la mtu mwingine yeyote. Uzito wake ulikuwa kwenye kuamua. Ukimuuliza anywe chai ya rangi au ya maziwa, anakuangalia kwanza wewe unakunywa ipi. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeamka siku moja akaacha kazi kwenye kampuni ya malori na kununua lori lake mwenyewe, na mkewe mpaka leo anasema hajui ni shetani gani aliyempitia.

Kule kampuni hakuna aliyemtaka aamue. Alikuwepo mama mmoja wa ofisi ya safari, ambaye madereva walimwita Sauti kwa kuwa karibu wote hawakuwahi kumwona, walimsikia tu kwenye simu. Sauti ndiye aliyejua mzigo uko wapi, unakwenda wapi na nani ataupokea. "Baba, ukimaliza kushusha hapo nenda geti la pili, kuna saruji inakusubiri." Taratibu anawasha gari, anakwenda, na kweli saruji inamsubiri. Aliishi hivyo zaidi ya miaka kumi, na tusimsingizie, aliishi vizuri.

Lori alilonunua ni lile lile alilokuwa akiliendesha, kampuni ilipoamua kuuza magari yake ya zamani. Mkewe alikubali kwa sharti moja: akirudi na trela tupu kwenye safari ya kwanza, lori linauzwa na yeye anarudi kuajiriwa. Mkewe hakuwa mkorofi. Alijua, kama kila mke wa dereva anavyojua, kwamba kurudi mtupu ni kuchoma mafuta ili kuifurahisha barabara. Sauti naye alimwambia kwa upole kwamba angemshikia nafasi yake mpaka Jumatatu. Taratibu alishukuru, halafu akaudhika kwamba ameshukuru.

Mzigo wa kwenda haukumsumbua. Shemeji yake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa na mabati ya kupeleka mji wa mbali. Taratibu alifika, akashusha, akaegesha kwenye uwanja wa malori, na hapo akafanya kosa ambalo mtu asiyewahi kuendeshea kampuni hawezi kulifanya. Alivua viatu, akajinyoosha kwenye kitanda kilicho nyuma ya kiti, akaweka simu kifuani na kusubiri. Jua likahama upande. Akatazama chaji. Akatazama mtandao. Akasogeza lori hatua chache, labda pale alipokuwa mawasiliano ni mabovu.

Mama muuza chai wa uwanjani alimvumilia weee, mwisho akamfuata na birika lake.

"Baba, unamsubiri nani?"

"Nasubiri kupigiwa."

"Kupigiwa na nani?"

Taratibu akaanza kulitaja jina la Sauti, kisha akakumbuka lori ni lake. Mama muuza chai alicheka mpaka akalazimika kuweka birika chini. Mazoea yana taabu, ndugu zangu, hata kwa mwenye lori.

"Kama unatafuta mzigo, pita nyuma ya soko, uteremke bondeni," mama alisema alipopata pumzi. "Kuuliza si ujinga."

Mji ule Taratibu alikuwa ameuingia mara nyingi hata asijue hesabu. Aliyoyajua ni geti, mizani na chai. Sasa aliupita kwa miguu. Aliona kinu cha unga ambacho wafanyakazi wake walikuwa weupe mpaka kwenye kope. Aliona karakana ya milango, milango mingi imesimamishwa uani bila nyumba. Kila alipopita palikuwa na kitu kinachosubiri kwenda mahali. Akateremka nyuma ya soko, akasimama.

Bonde zima lilikuwa jekundu. Vitunguu vilikuwa vimetandazwa juu ya vichanja, chini ya mapaa ya nyasi, banda baada ya banda, mpaka macho yakachoka kabla havijaisha. Watu waliinama katikati yake wakichagua, na mlio wa maganda makavu ulisikika bonde lote. Nikisema Taratibu aliogopa, namaanisha hivyo hivyo. Miaka yote hiyo alikuwa akipita barabara ya juu na saruji yake, na chini pale kulikuwa na haya yote.

Kiongozi wa wakulima, mama wa makamo waliyemwita Shangazi, alilitazama lori alilomwonyesha kwa mbali kule juu, kisha akamtazama yeye.

"Malori yenu hayashuki huku. Yana amri zake. Sisi tunabaki kuyaangalia yakipita huku mali inaota."

Taratibu alitaka kusema hata yeye hakujua kwamba yanaweza kushuka. Badala yake alimpigia shemeji, na shemeji akampa namba ya mzee anayeuza kwa jumla sokoni kwao. Mzee hakuzunguka.

"Vitunguu vya lori vimeniumiza sana. Vinafika vimechemka. Ukiniletea vikavu nachukua vyote. Ukiniletea vyenye jasho, utatafuta pa kumwaga."

Mzee na Shangazi wakaelewana bei kwenye simu hiyo hiyo. Kesho yake mchana lori lilikuwa chini bondeni, trela limejaa magunia ya nyavu, na wingu zito lilikuwa limeanza kupanda nyuma ya kilima. Wapakiaji wakalishika turubai pembe zote.

"Tunafunga au tunaacha, baba?"

Taratibu akampigia Sauti. Tusimcheke, hata wewe ungempigia.

"Mama, vitunguu hufunikwa?"

"Sheria unaijua. Mzigo usiofunikwa hauondoki," Sauti alisema. "Nafasi yako bado ipo, baba."

Shangazi alikuwa amesikia. "Ukivifunga, unavipika. Na la kuvunda halina ubani."

Basi akasimama hapo, wingu juu yake na watu wenye kamba mikononi wakimtazama. Alitafuta kwa macho mkubwa wa pale, akakuta wote wanamtafuta yeye. Hofu na furaha vikamjia pamoja, na akaona ajabu kwamba mzigo mkubwa kiasi kile unaweza kungoja neno la mtu mmoja asiyejua hata chai yake.

"Leteni miti," alisema. "Tunaliinua turubai juu kama paa. Ubavuni tunaacha wazi, upepo upite."

Mvua ilimkuta njiani. Alisimama, akashuka, akateremsha turubai upande mvua inakotoka, akaendelea. Ilipokoma akasimama tena, akalikunja. Alifanya hivyo kila mvua ilipogeuka, nguo zikimlowea na kumkaukia mwilini, na hakuna simu iliyolia.

Mzee wa jumla alikuwa akimngojea sokoni asubuhi. Hakusalimia. Alipanda trela, akavuta magunia ya juu, akazamisha mkono katikati ya mzigo mpaka kwenye bega. Mkono ukatoka na kitunguu. Mzee akakibana, akakinusa, akakisugua, na ganda likapukutika kavu kwenye kiganja chake. Akawapa vijana wake ishara waanze kushusha.

"Nataka vingine hivi hivi," alisema. "Unaniletea lini?"

"Ngoja niulizie," Taratibu akasema, kama alivyojibu maisha yake yote, na simu tayari ilikuwa mkononi. Akaitazama. Mzee naye akamtazama, akingoja. Taratibu akairudisha simu mfukoni, polepole.

"Alhamisi," alisema.