Lori la Gavana Halipangi Foleni

Harufu ya gundi ya unga wa muhogo ikichemka juu ya makaa hunirudisha Katuba, mtaa wetu wa Lubumbashi, mwaka niliokuwa na miaka kumi na minne na kujiona nina akili kuliko shule nzima. Mwalimu wetu wa elimu ya uraia alichoka kutusikia tukikariri kazi za serikali kama kasuku, akaamuru kila mmoja atengeneze mchezo wa kuonyesha jinsi watu wanavyotawaliwa. Kazi hiyo ilibeba alama za mwaka. Nikizikosa ningerudia darasa, na Mwamba, tuliyeketi naye dawati moja tangu tukiwa wadogo, angesonga mbele bila mimi. Nikachora kwenye katoni niliyoiunga kwa gundi hiyo njia ya malori ya samaki, kutoka Kilwa yetu ya ziwani hadi mpaka wa Kasumbalesa, yenye mashimo tele na foleni ndefu mpakani. Vizibo vya soda vilikuwa malori yetu, tukiyasogeza kwa kurusha dadu. Aliyevuka mpaka kwanza aliitwa gavana, na gavana aliongeza sheria moja.

Duru ya kwanza nilishinda kwa bahati tu, nikaandika: lori la gavana halipangi foleni. Ya pili nikashinda tena, nikaamuru gavana arushe dadu mara mbili. Ya tatu nilishinda huku natafuna karanga. Mwamba akasukuma kizibo chake pembeni.

“Shiye hatutacheza tena,” alisema. “Weye njo unaandikaka sheria, weye njo unashindaka. Cheza weye mwenyewe.”

Wenzetu wakamfuata. Mwalimu akainama juu ya katoni. “Muchezo ya muntu moja haiko muchezo. Kama kesho bantu habachezi, ni zero.”

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mchana ule nilikwenda kwa kina Mwamba, nikampa kalamu. Akaandika kwamba sheria mpya itatungwa na aliyefika wa mwisho. Iliniuma, lakini niliikubali. Kesho yake Mwamba alifika wa mwisho, akaamuru gavana apange foleni kama watu wote. Nilikwama nyuma ya malori hadi nikashindwa, na darasa likacheka mpaka madawati yakatikisika. Nikapata alama zangu, nami nilicheka kuliko wote.

Leo nafundisha siasa chuoni hapa Lubumbashi. Wanafunzi wangu hutengeneza michezo ya kwenye simu, yenye rangi na muziki. Katoni yangu ingewachekesha. Utotoni mwenye sheria mbaya tulimwachia mchezo wake tukaenda zetu. Ukubwani hakuna pa kwenda. Kwa hiyo kabla ya kutoa alama, humwambia kila mwanafunzi acheze mchezo wake mbele yetu, nami nangoja kuona kama mtunga sheria naye anaweza kushindwa.