Mistari Myekundu ya Mwalimu Makarius

Claudine Niyubahwe alikuwa na steshenari mjini Kasulu, chumba kimoja chenye kompyuta mbili na mashine ya fotokopi, lakini wengi walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Kila Jumamosi asubuhi redio ya pale mjini ilimpa kipindi cha kuwajibu watu waliosumbuliwa na kompyuta zao. Karani wa kata aliuliza kwa nini akiingiza herufi mpya, zile za mbele zinamezwa. Muuguzi alilalamika kwamba maandishi yake yote yamekuwa herufi kubwa, utadhani anamfokea msomaji. Claudine hakumcheka mtu. Wazazi wake walitoka Burundi, na shuleni alichekwa kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kirundi hata akaacha kunyoosha mkono. Alijua swali linavyoweza kumkwama mtu kooni.

Jumamosi moja ya masika alipiga simu mzee kutoka Murungu, upande wa Kibondo. Alitaka kujua namna ya kuyarudisha maneno aliyoyafuta mwenyewe. Claudine akamwambia kwamba faili likishahifadhiwa na kufungwa, kuyapata tena ni kazi ngumu. Ndipo akamuuliza kwa nini aliyafuta.

"Si yalipigwa mstari mwekundu?" mzee akajibu. "Nami nikayasahihisha."

Claudine akamwomba aje dukani.

Alikuja katikati ya wiki kwa basi la asubuhi, laptopu ameizungushia kitenge. Jina lake Makarius, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Mkewe Philomena, aliyefariki mwaka uliopita, alikuwa akiwasimulia wajukuu hadithi za Kiha, lugha ya kwao. Mkewe alipokuwa katika siku zake za mwisho, mwalimu aliziandika hadithi hizo daftarini kama alivyozisikia, kisha akazichapa kwenye kompyuta ili wajukuu wasizikose. Daftari aliona halina kazi tena, akaliacha jikoni, likatumika kuwashia moto. Kwenye kioo cha kompyuta kila neno likatokea na mstari mwekundu chini yake. Maisha yake yote alikuwa amesahihisha madaftari ya watoto kwa kalamu nyekundu, na hakuona sababu ya kubishana na masahihisho ya mwingine. Akatoa maneno ya mkewe, akaweka ya Kiswahili. Mstari ukabaki. Akajaribu ya Kiingereza, ukaondoka.

Claudine alisoma ukurasa wa kwanza, akaona ng'ombe anaitwa kwa Kiingereza katikati ya hadithi ya Waha. Hakutabasamu. Alifungua ukurasa mtupu, akaandika jina lake mwenyewe. Mstari mwekundu ukajichora chini ya Niyubahwe.

"Mwalimu, hili ni jina nililopewa na baba yangu," akasema. "Mstari hausemi nimekosea. Unasema mashine hii hailijui."

Makarius alilitazama lile jina kwa muda. Kisha akavua miwani, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Basi nimemsahihisha marehemu bure," akasema.

Claudine akavuta kiti, akamwomba asome kwa sauti, na kila wafikapo palipobadilishwa wajaribu kukumbuka. Ng'ombe akarudi kuwa inka bila shida. Mwalimu aliposita, Claudine alitaja neno la Kirundi la nyumbani kwao, na mara nyingi mzee aliitikia kwa kichwa, kwa kuwa lugha hizo ni ndugu. Mara nyingine alikataa, akisema mkewe hakusema hivyo. Wateja waliingia, wakahudumiwa, wakatoka. Miaka mingi Claudine alikuwa hajasema Kirundi mbele ya watu dukani, na siku ile alikisema mchana kutwa bila kushusha sauti.

Walipofika kwenye wimbo wa binti aliyekataa kuolewa, wote wawili wakakwama. Mwalimu akampigia shemeji yake Loyce, mdogo wa Philomena, aliyekuwa akiishi Kakonko. Tangu msiba hawakuwa wamezungumza sawasawa. Kila mmoja aliogopa kumliza mwenzake. Loyce akasikiliza, kisha akaimba kwenye simu kwa sauti iliyokatikakatika, na Claudine akachapa.

"Ubeti wa mwisho siukumbuki, shemeji," akasema alipomaliza. "Dada ndiye aliyekuwa nao."

Waliacha nafasi tupu pale. Claudine akamwonyesha mwalimu jinsi ya kubonyeza kulia juu ya neno na kuliongeza kwenye kamusi ya kompyuta, mstari ukafutika. Zoezi hilo lilimpendeza Makarius; akaanza kuifundisha mashine maneno ya mkewe moja baada ya jingine, taratibu, kama mtu aliye mbele ya darasa, mpaka ikabidi akumbushwe basi la mwisho.

Wiki chache baadaye alipiga tena simu kwenye kipindi, akitaka kujua namna ya kuweka namba za kurasa. Claudine alipomjibu, akamuuliza kazi imefikia wapi. Mwalimu akasema Loyce yuko hapo Murungu tangu Jumatano, na ameleta hadithi ambayo yeye Makarius, katika ndoa yake yote, hakuwahi kuisikia.