Jambia la Babu

Kila harusi, hapa Maskati, mke wangu hunifunga kiunoni jambia la babu, na harufu ya mkanda wake wa ngozi hunirudisha kwenye makorongo ya nyuma ya kijiji cha Qantab.

Tulikuwa watoto watatu na bunduki ya watu. Mimi niliiba jambia hili, kwa majivuno, ili niwe mchinjaji. Mkubwa wetu alimpiga paa risasi ya nyonga. Tukamkuta baina ya majabali, anahema, macho wazi.

"Mchinje upesi," alisema yule mkubwa. "Akifa mwenyewe ni kibudu, haliwi."

Nikasoma bismillahi, nikapitisha jambia shingoni. Ngozi ilibonyea, haikukatika. Nikarudia, nikarudia tena, kwa nguvu zangu zote. Sikujua kwamba jambia la babu lilikuwa pambo, halijanolewa tangu lilipofuliwa.

"We unamchinja au unamkuna?" aliuliza mdogo wetu, na hakuna aliyecheka.

Paa alikufa mikononi mwangu, taratibu sana. Tulimwacha pale juani.

Harusini watu hulisifu kwa nakshi zake za fedha. Juzi mwanangu aliniuliza kama ni kali. Nilimwambia ndiyo, asiliguse.